Maji Matamu

Daktari wa Ruwi hakuniandikia dawa.
Aligeuza karatasi akachora
kipilefti, duka la mshonaji,
ngazi ya nje, mlango wa kijani.
"Alhamisi, saa mbili usiku," akasema.
"Hawaulizi jina la baba."

Nilicheka. Maskati hii, jina la baba
huulizwa kabla ya hujambo.

Alhamisi ya kwanza nilikizunguka kipilefti mara sita
na gari langu la buluu, tangi limejaa,
ubavuni maandishi makubwa: maji ya kunywa.
Mwenye mgahawa akatoka. "Umeniletea?"
Nikamwambia la, nimepotea tu.
Hapo sikusema uongo.

Alhamisi ya pili nikafika chini ya ngazi.
Nikahesabu vidato: kumi na tisa.
Nikarudi garini, mkono ukajiendea
chini ya kiti, kwenye chupa ya marashi ya ndevu
ambayo ndevu zangu
hazijapata kuionja.

Miaka kumi na mmoja
nimejaza matangi ya Ghubra na Al Khuwair,
nimesikia wanawake wakiitana madirishani
maji yamekuja, alhamdulillahi,
nami nimeshika mpira unaotetemeka,
koo kavu,
nawaza jambo jingine.

Binti yangu Zuweina ana miaka tisa.
Kabla ya kunibusu mkono hunusa hewa,
kama mtu afunguaye maziwa ya juzi.
Hajaniambia neno.
Nani alimfundisha? Mimi.

Alhamisi ya tatu sikupanda kwa ushujaa.
Kiyoyozi cha gari kilikufa, mwezi wa saba,
usukani unachoma kama kikaango,
na juu pale dirishani
kiyoyozi chao kinadondosha maji.

Viti tisa vya plastiki. Birika la umeme.
Kopo la tende. Sakafuni vijiuzi vya mshonaji
vilivyopanda na viatu vya watu.
Marivic, nesi, bado na sare ya kazini.
Mhasibu wa Kerala aliyeficha kiganja kinachotetemeka
kwa kukikalia.
Kijana wa Suhar, kofia imeshuka hadi nyusi.
Kila mmoja anavunja lugha ya mwenzake
na hakuna anayemcheka mtu.

Zamu ikanifikia.
Kiarabu kikaniganda mdomoni.
Kiingereza changu ni cha galoni na risiti.
Kilichotoka ni cha mama, cha jikoni, cha Wete:
"Mie mlevi.
Mwanangu ananinusa."
Nikaona raha. Nimesema, na hapana aliyeelewa.
Nimetua mzigo penye giza.

Kumbe.

Karibu na dirisha, ndani ya baibui,
mtu akavuta pumzi.
"Kwani wewe si wa kwa Bi Moza?"

Damu ikanishuka miguuni.
Nilishauona mlango, nilishaziona ngazi,
nilishaisikia habari yangu
ikizunguka na sinia za halua msibani.

"Bi Moza ndiye somo wangu," akasema,
"alinifunda siku saba, kila kitu,
hili tu hakunifunda.
Siri yako nimeikalia.
Nawe ikalie yangu."
Akanisogezea kopo la tende.
Jina lake moja: Thuwaiba. La baba sijauliza.

Wiki ya saba nilianguka.
Nisikufiche. Ilikuwa Idi, watu wamelala,
na chupa sikuwa nimeitupa.
Nilirudi macho mekundu, nikasema "siku moja"
kama mtoto anayeanza alifu,
na Marivic, asiyejua neno la Kiswahili,
akanyanyua kidole kimoja,
akanimiminia chai.

Sasa naliegesha gari mbele ya duka la mshonaji,
anayetaka kuliona na alione.
Ngazi bado nazihesabu.

Nyumbani, Zuweina bado ananusa.
Sikasiriki, wala sisemi baba amepona.
Namwinamia shavu,
nangoja amalize.